Shule, kazini, sokoni: gari gani halitatutesa kwa mafuta kwenye baridi ya Mbeya?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Isyesye, Mbeya. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tunataka kununua gari letu la kwanza. Siku za kazi nitawapeleka watoto shule, nipite kazini, mchana niwafuate, jioni nipitie soko la Mwanjelwa ndipo nirudi. Hakuna kipande kinachozidi kilomita tano. Jumapili tunakwenda kanisani wote. Kama mara moja kwa mwezi tunakwenda Tukuyu kwa wazazi wangu, na kila Julai tunapanda Makete kwao mume wangu. Shemeji yangu aliyeko Montreal, Kanada, anasisitiza tununue Subaru Forester kwa kuwa ni 4WD, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne, na ndiyo inayohimili baridi. Mume wangu anataka Noah. Jirani ana IST na kila siku analalamika kwamba inakula mafuta kuliko alivyoambiwa. Mfuko wetu ni wa gari la mkononi la daraja la IST au Wish. Tuchukue lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na IST ya jirani yako, maana malalamiko yake yamebeba nusu ya jibu.

IST si gari la kula mafuta. Tatizo ni kwamba kipimo alichotajiwa hakikuchukuliwa kwenye maisha anayoishi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 mwanzoni, haya haya yaliyojaa barabara zetu, yalipimwa kwa utaratibu wa kwao ulioitwa 10-15 mode. Gari liliwekwa juu ya rola maabara, injini ikiwa imeshapata moto, likaendeshwa kwa mwendo uliopangwa. Kipimo cha JC08, kilichochukua nafasi yake mwaka 2011, ndicho kilichoanza kuingiza kwenye hesabu matokeo ya injini iliyowashwa ikiwa ya baridi, tena kwa uzito wa robo tu. Kwa hiyo zile "kilomita kumi na nane kwa lita" anazozitaja dalali ni za injini ya moto, bila mlima, bila bajaji inayokukatizia Kabwe, bila foleni ya malori. Jirani yako anaendesha injini ya baridi karibu siku nzima, na wewe ukinunua gari utafanya vivyo hivyo.

Injini ya petroli ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri; nyingine inabaki matone kwenye njia ya hewa na kwenye kuta za silinda. Kompyuta ya gari inalijua hilo kupitia sensa ya joto la maji, basi inaongeza petroli ili injini isizimike. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda. Oili bado ni nzito, kila kinachozunguka kinasuguana zaidi, na gia boksi ya otomatiki inachelewa makusudi kuingia gia ya juu. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba mjini, gari la kawaida la petroli kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri hupungukiwa kama asilimia 15 ya kilomita zake kwa lita ukilinganisha na nyuzi 25, na kwamba safari ikiwa fupi ya maili tatu au nne upungufu unaweza kufika asilimia 24. Sisi Mbeya mjini hatuko kwenye baridi ya namna hiyo. Alfajiri ya Juni na Julai tunashuka chini ya nyuzi 10, mchana tunarudi kwenye ishirini na kitu. Usizibebe asilimia hizo kama zilivyo. Ila angalia urefu wa safari walioutaja: maili tatu ni kilomita tano kasoro. Ndiyo safari yako wewe.

Vitz, IST, Sienta na ndugu zao wengi hawana mshale wa joto kwenye dashibodi. Wana taa ndogo ya bluu inayowaka ukiwasha gari la baridi na kuzimika injini ikianza kupata moto. Siku utakayojaribu gari lolote la aina hiyo, itazame. Ukitoka Isyesye kabla ya saa 1 asubuhi na taa hiyo ikazimika ukiwa karibu kufika getini kwa shule, basi kipande chote cha kwanza umekiendesha kwenye mafuta ya ziada. Na kuzimika kwake hakumaanishi injini imeshafika joto lake la kazi, bado.

Kwa matumizi yako, basi, uzuri wa gari unaanzia kwenye jinsi linavyopata moto haraka na linavyobeba uzito mdogo kwa siku za katikati ya wiki, wakati ndani mko wewe na watoto watatu. Injini ndogo ina chuma kidogo, maji kidogo na oili kidogo ya kupasha. Injini ya lita mbili na nusu inaanza kila asubuhi na mzigo mkubwa zaidi wa ubaridi, halafu unaizima kabla haijafaidi.

Sasa shemeji. Simpingi kwa kule aliko. Anaishi kwenye theluji halisi, ya miezi, ambako watu huchomeka injini kwenye umeme usiku ili asubuhi iwake. Lakini hata kwao, sheria ya jimbo la Québec kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 inalazimisha gari liwe na tairi za baridi. Hailazimishi liwe 4WD. Wenye theluji yao wameona kuwa tairi ndiyo inayoshika. Miguu minne inasaidia gari kuondoka lilipokwama na kupanda penye utelezi. Kwenye kusimama haikusaidii kitu, maana kila gari lina breki miguu yote minne, na kinachoamua utasimama wapi ni mpira unaogusa ardhi. Kwenye mteremko wa Iwambi, mvua imenyesha na mbele yako kuna lori limepunguza mwendo ghafla, 4WD haitakukumbuka.

Forester ni gari zuri, na barabara ya tope ya Rungwe inaifahamu vizuri. Ila 4WD yake inafanya kazi muda wote, uzunguke Mwanjelwa au uende Kitulo. Kuna shafti ya ziada, difu ya nyuma ya ziada, oili ya ziada inayotakiwa kupashwa, na uzito unaousukuma kila ukiondoka kwenye kituo. Unalipia mwaka mzima kitu unachokihitaji siku chache. Tena barabara ya Uyole hadi Tukuyu ni lami. Pale Isyonje unapokunja kwenda Kitulo na Makete ndipo pa kupanga safari kwa akili, na nitapagusa mwishoni.

Kama nyumba yenu ingekuwa huko juu Uporoto kwenye njia ya udongo mweusi unaonyeshewa kuanzia Novemba hadi Mei, ningekujibu tofauti. Ningekwambia tafuta IST ya 1.5 au Probox yenye 4WD ile nyepesi, ambayo magurudumu ya nyuma yanasukuma pale tu ya mbele yanapoteleza. Isyesye haijafika huko.

Noah ya mumeo ina hoja moja ya kweli: nafasi. Mama mkwe anapanda vizuri, mizigo ya Makete inaingia, viazi vya kurudi navyo vinaingia. Lakini fanya hesabu ya wiki. Siku tano au sita mko wanne kwenye gari la watu wanane. Na Noah nyingi za bei mnayoiweza ni za 2001 hadi 2007 zenye injini ya 2.0 aina ya D-4, ambayo petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kwenye njia ya hewa. Ubunifu mzuri kwenye safari ndefu. Kwenye safari fupi za baridi masizi yanajijenga kwenye vali na njia ya hewa kwa sababu hakuna petroli inayopita kuviosha, na silensa inaanza kutetemeka. Pampu yake ya mafuta na injekta si vya bei ya chee.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukulia unatembea kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: kilomita 500. Gari linalokupa kilomita 10 kwa lita kwa matumizi haya litanywa lita 50. Linalokupa 7 litanywa lita 71 na ushee. Zidisha tofauti hiyo kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huu, na soma mstari wa Mbeya, usisome wa Dar es Salaam, maana kwetu petroli imeongezewa nauli ya lori. Mweke mumeo hiyo karatasi mezani, mjadiliane.

Ninachokushauri ni Toyota Sienta ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 2003 na kuendelea hadi 2015, injini ya 1.5 iitwayo 1NZ-FE, isiyo 4WD. Ni injini ile ile iliyoko kwenye IST za 1.5, Probox, Raum na Spacio za 1.5, kwa hiyo plagi, chujio, pampu ya maji na sensa zake hutazisubiri kutoka Dar. Ina cheni, haina mkanda wa taimingi wa kukumbuka kubadilisha. Ina siti saba, milango ya pembeni inayoteleza, ambayo mwenye watoto watatu na ukuta wa shule upande wa kushoto ataishukuru, na urefu wake ni wa mita nne na kidogo, karibu na hatchback ya kawaida. Siti za mwisho ni ndogo. Watoto zinawatosha, mama mkwe mpe ya katikati. Ukizikunja zinaingia chini ya zile za katikati na unabaki na buti la kubebea vitu vya soko.

Spacio ya kizazi cha pili nayo ina siti saba na injini hiyo hiyo, ila imeishia 2007 na zilizobaki nyingi zimechoka. Wish ya 1.8 ni chaguo langu la pili kwako. Iko chini kidogo, inanywa zaidi mjini, lakini ukipanda na watu sita kutoka Uyole kwenda Isyonje hutaikanyaga hadi sakafuni. Hapo kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar hawalifikirii: Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kiasi cha karibu moja ya tano. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza nguvu kwa kiwango kama hicho. Passo ya lita moja yenye nguvu ya farasi 71 kwenye karatasi, huku kwetu ina chini ya 60, na barabara ya Tukuyu inapanda hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa watu wawili inatosha sana. Kwa sita utakuwa unaiua. Kwa hiyo niliposema injini ndogo sikumaanisha ndogo kuliko zote, 1.5 ndiyo kati na kati ya familia yako. Ukiangukia Wish, chukua 1.8, achana na ile ya 2.0 ya D-4 kwa sababu nilizozitaja kwenye Noah, na kwenye zile za kizazi cha kwanza tazama moshi wa bluu na kiwango cha oili, maana injini yake ya 1ZZ ina sifa ya kula oili ikishazeeka.

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, utaulizwa tu na mtu, basi nikujibu. Toyota Aqua ilipoingia sokoni Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Miteremko yetu inaifaa kwa kuwa ikishuka inajaza betri. Lakini safari fupi ya baridi ndiyo udhaifu wake: asubuhi injini lazima iwake ipashe joto hata kama betri imejaa, na Wamarekani wale wale wanasema kwenye ile baridi yao upungufu wa haibridi hufika asilimia 30 hadi 34, zaidi ya gari la kawaida. Hata hivyo bado ingekunywa kidogo kuliko Sienta. Kinachonizuia kukushauri ni siti tano, betri kubwa ambayo umri wake huujui, na uchache wa mafundi wa haibridi huku juu. Gari la kwanza la familia lisiwe la kujifunzia fundi.

Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi, kama Mazda CX-5 ya dizeli, usizifikirie kabisa kwa maisha haya. Chujio lile hujisafisha kwa kuunguza masizi, na linahitaji mwendo mrefu wa moto. Kilomita tano tano zitaliziba.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona gereji kila wiki, ambalo linamaliza mafuta ya watu Mbeya kuliko aina ya gari: themostati iliyong'olewa.

Themostati ni kivali kidogo, kinaingia kiganjani, kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi kimefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili yapate moto upesi. Yakifika kama nyuzi 80 na kitu kinafunguka, maji yanapita kwenye rejeta kupoa. Gari likiwahi kuchemsha, labda kwa sababu ya feni au rejeta iliyoziba, fundi wa haraka anaing'oa na kuitupa: "Hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Dar es Salaam kauli hiyo ina madhara. Mbeya ina madhara mara mbili. Maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, upepo wa Juni unayapoza. Ni kama kuchemsha maji huku unayaongezea ya bomba kila dakika. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada Isyesye hadi Mwanjelwa na kurudi, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anaambiwa abadilishe pampu, kisha sensa ya oksijeni, kisha injekta. Kumbe kifaa kilichotakiwa ni cha bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Kuijua si kazi. Washa gari la baridi, liache silensa, fungua boneti, shika kwa tahadhari bomba nene la juu linaloingia kwenye rejeta. Dakika za mwanzo linatakiwa kubaki la baridi, halafu ghafla lipate moto. Likianza kuwa vuguvugu polepole tangu mwanzo pamoja na injini, themostati haipo au imekwama wazi. Dalili nyingine ni hita ya ndani isiyotoa joto hata baada ya nusu saa barabarani, na taa ya bluu inayorudi ukishuka mteremko mrefu. Sitashangaa IST ya jirani yako ikiwa na ugonjwa huu. Mwambie aanzie hapo kabla ya kuiuza.

Oili nayo. Kuna mazoea ya kumwagia kila gari oili nzito kwa sababu "limezeeka". 1NZ-FE inataka 5W-30. Ukiweka 20W-50 kwenye alfajiri ya nyuzi 7, stata inalia, oili inachelewa kupanda juu, na mafuta yanaliwa. Kwa safari zako fupi, hesabu pia muda badala ya kilomita peke yake. Injini isiyopata moto vizuri inakusanya maji na petroli ndani ya oili. Fungua kifuniko cha oili uone povu la rangi ya maziwa chini yake, ujue ndiyo hiyo. Badilisha kila baada ya miezi sita hata kama hujamaliza kilomita zilizoandikwa kwenye kikaratasi. Na ile safari ya Tukuyu usiione kama gharama tu, maana inaunguza unyevu huo na kuijaza betri ambayo kuwasha mara tano kwa siku kunaichosha.

Theluji ya wenzetu inaingia kwenye jibu lako kwa mlango mwingine, kwa kuwa magari haya tunayonunua yamewahi kuishi ndani yake. Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula chuma cha chini. Gari linang'aa juu, chini limeoza. Ukiagiza, omba karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Ukinunua yadi, lipandishe kwenye jeki au shimo, tazama membe za nyuma, mabomba ya breki, chini ya milango na mikono ya suspensheni. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa chini kote, gari lenyewe la miaka kumi na tano, iulize maswali. Si kila gari la kaskazini ni baya. Mengine yana vifaa vya baridi ambavyo utavifurahia, kama betri kubwa zaidi na vioo vya pembeni vyenye kupasha joto. Chini kukiwa safi, chukua.

Na tairi. Magari mengi yanashuka bandarini na tairi za barafu, zile zenye vichanio vidogo vidogo kila kibonge, kama Blizzak. Watu wanafurahi: mpya, kina bado kipo, jina kubwa. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika chini ya nyuzi 7 hivi. Lami ya Mbeya saa 8 mchana inaufuta upesi, na kwenye lami yenye maji na joto hausimamishi gari vizuri kama tairi ya kawaida. Halafu tazama tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa zimeandikwa 3814, ni wiki ya 38 ya 2014, na hata kama haijalika, kwa mpira huo huo mama mkwe asipande. Ile tofauti ya bei kati ya Sienta ya kawaida na 4WD itumie kununua tairi nne mpya. Jaza upepo kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi kabla hujatembea; Juni upepo unashuka wenyewe kwa baridi.

Kuhusu kuendesha sina mengi. Usiwashe gari ukaliacha linanguruma dakika kumi wakati watoto wanamalizia chai. Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka taa ya bluu izime. Hita iwashe baada ya hapo, maana inaiba joto ambalo injini inalitafuta. Vioo vikiwa na ukungu wa pumzi za watoto, washa AC pamoja na hita kwa dakika chache: AC ndiyo inayokausha hewa, hata kwenye baridi. Unaponunua, kwa hiyo, usikubali neno la "AC huku haihitajiki". Na kama unaweza kuunganisha Mwanjelwa na safari ya mchana ya kuwachukua watoto, injini ikiwa bado ya moto, utaokoa zaidi ya utakachookoa kwa kubishana na dalali.

Makete ya Julai: Kitulo ni juu ya mita 2,600 na usiku sakitu inaganda kwenye majani. Gari lenye maji ya bomba kwenye rejeta likilala nje huko linaweza kugandisha na kupasua. Weka kulanti, dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Mchanganyiko huo hauwezi kuganda kwa baridi yoyote ya Tanzania, na unazuia kutu mwaka mzima. Njia ikiwa imenyeshewa, Sienta haina ubavu wa kupanda kila mahali. Siku hiyo moja, kodini gari la juu au zungukeni kwa Njombe.

Kuagiza au kununua yadi, mimi naona yadi au mkononi kwa mtu ni salama zaidi kwa gari la kwanza, kwa sababu utaligusa. Ukitaka kuagiza, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza uweke mwaka na cc. Sienta hizi zimeshapita miaka kumi, na ushuru wa uchakavu unaweza kukushtua. Wala usipumbazwe na "namba D" au "namba E". Herufi hiyo inasema lini gari lilisajiliwa nchini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

Ukishapata unalolipenda, mwambie muuzaji utakuja kulitazama saa 1 asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Nenda na fundi wako. Kitu cha kwanza, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la baridi, endelea: sikiliza linavyowaka, tazama moshi, hesabu taa ya bluu inachukua muda gani, shika lile bomba la rejeta. Likiwa la moto, mwombe radhi urudi kesho yake, tena mapema zaidi.